Maji hutulia, mafuta taa hupenya: Siri ya pakiti za plastiki

WENGI wetu tunazikumbuka enzi za juala, kabla ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kupigwa marufuku humu nchini Agosti 28, 2017. Ukitia maji ndani ya juala na kulifunga fundo, ungeyakuta kesho yake yametulia kama ulivyoyaacha. Lakini aliyewahi kubebea mafuta taa humo anajua yaliyompata. Mfuko ulilegea, nje yake ukawa na utelezi, na harufu ikajaa chumba kizima. Ajabu ni kwamba hata angeutafuta kwa tochi, tundu asingeliona.

Je, msomaji, mafuta hayo yalipitia wapi?

Jibu la swali hilo ndilo linalowakosesha usingizi wanaobuni pakiti laini za plastiki: zile za sabuni ya maji, dawa ya kuua wadudu, gundi na hata dawa ya meno. Juala lilikwenda, lakini marufuku ya 2017 haikuzigusa pakiti ambazo bidhaa hutiwa zikiwa kiwandani. Hizo bado zimo jikoni, bafuni na stoo kwako.

Undugu wa plastiki na mafuta

Juala lilitengenezwa kwa polithini, plastiki iliyogunduliwa kwa bahati mwaka wa 1933 na wanakemia Reginald Gibson na Eric Fawcett wa kampuni ya ICI, Uingereza. Polithini ni minyororo mirefu ya kaboni na hidrojeni, iliyosokotana kama tambi ndani ya sufuria. Mafuta taa nayo ni kaboni na hidrojeni, ila minyororo yake ni mifupi. Kwa hivyo hawa wawili ni ndugu, na ndugu hapigi hodi. Chembe za mafuta hujipenyeza baina ya minyororo ya plastiki, huitanua, kisha hutokea upande wa pili. Petroli na thina ya kuchanganyia rangi hufanya vivyo hivyo. Maji si wa ukoo huo, na ndiyo sababu hubaki ndani.

Usidhani basi kwamba polithini ni dhaifu. Kostiki soda, ile wanayotumia watengenezaji wa sabuni, haiiwezi. Asidi nyingi pia haziiwezi. Sasa linganisha na poliesta, plastiki ngumu na angavu ya chupa za soda. Hiyo huyazuia mafuta vizuri, lakini kostiki soda kali huila polepole. Na vile vyombo vyeupe vyepesi vya kubebea chakula? Tone la petroli au la dawa ya kuondoa rangi ya kucha hukiyeyusha chombo hicho mbele ya macho yako.

Kwa ufupi, hakuna plastiki iliyo shujaa wa vita vyote. Kila mlango na ufunguo wake.

Kuta tatu katika ngozi moja

Mbunifu wa pakiti hufanya nini basi? Huziunganisha plastiki mbalimbali ili kila moja ifiche udhaifu wa mwenzake. Pakiti unayoiona kama ngozi moja huenda ina tabaka tatu au zaidi. Nje huwekwa poliesta, ambayo ni imara na hukubali wino. Ndani kabisa huwa polithini, kwa sababu hiyo huyeyuka kwa joto dogo na kuziba mdomo wa pakiti sawasawa. Katikati huwekwa mlinzi wa kuzuia kemikali isipenye.

Mlinzi huyo huweza kuwa nailoni, au plastiki iitwayo EVOH, ambayo ni hodari dhidi ya mafuta na thina lakini huregea ikipata unyevu. Ndiyo maana huhifadhiwa katikati. Mara nyingine mlinzi ni alumini nyembamba mno. Tabaka lake huweza kuwa na unene wa mikroni saba hadi tisa tu, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Hata hivyo, alumini nayo ina adui wake. Dawa ya kung'arisha nguo huila ikipata upenyo. Isitoshe, dawa hiyo hutoa gesi ya oksijeni polepole, na pakiti isiyo na pa kupumulia huvimba.

Hatari nyingine imejificha kwenye gundi inayoshikanisha tabaka hizo. Kemikali ikipenya polithini ya ndani, huifikia gundi na kuilainisha. Hapo tabaka huanza kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, ilhali ukiitazama pakiti kwa nje huoni kasoro. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Hata sabuni ya maji, tunayoiona mpole, ina hila zake. Haiyeyushi polithini, bali huisaidia kupasuka pale ilipokunjwa au kuvutwa. Kwa sababu hiyo viwanda huchagua polithini ya minyororo mirefu zaidi, ambayo haipasuki ovyo.

Majaribio ya joto

Mambo haya hayaachiwi kubahatisha. Pakiti hujazwa bidhaa yenyewe, hupimwa uzito, huwekwa mahali penye joto, kisha hupimwa tena. Uzito ukipungua, kuna kitu kimetoroka. Kwa dawa za kuua wadudu, jaribio linalotumika sana ni la nyuzi 54 za Selsiasi kwa siku 14, ili kuonyesha kwa muda mfupi yale ambayo yangechukua muda mrefu dukani.

Ni kweli kwamba ufundi huu una gharama yake. Tabaka zilizoshikamana ni vigumu kuzitenganisha, kwa hivyo pakiti nyingi za aina hii hazirejelezwi, bali huishia jaani. Wabunifu wengi sasa wanajaribu kutumia plastiki ya jamii moja, na hapo ndipo wanapokutana tena na swali lile lile la mafuta na undugu wake.

Nyumbani kwako je?

Wewe unayesoma haya hutengenezi pakiti. Lakini kila unapomimina thina, dawa ya kunguni au kostiki soda kutoka kwenye chombo chake hadi katika kingine, unafanya uamuzi wa mbunifu bila kufanya majaribio yake. Bidhaa ibaki katika pakiti iliyokuja nayo. Ukiona pakiti imevimba, imelegea, inanata kwa nje au tabaka zake zinabanduka, usiihamishie bidhaa hiyo katika mfuko wa unga. Irudishe dukani ungali na risiti.

Na zaidi ya yote, usitie mafuta taa katika chupa ya soda. Kwa upande wa kemia, chupa hiyo huenda ikayastahimili. Anayeponzwa ni mtoto, ambaye akiiona chupa hujua jambo moja tu: soda hunywewa. Ikitokea mtoto ameyanywa, usimlazimishe kutapika, kwa sababu mafuta yanapopanda huweza kuingia mapafuni na kumdhuru zaidi. Mkimbize hospitali, na ubebe chombo chenyewe ili daktari ajue alichokunywa.

Pakiti imepigiwa hesabu kwa ajili ya kilichomo ndani yake. Maandishi yaliyo juu yake ni sehemu ya hesabu hiyo, na hayahami pamoja na unachokimimina.