Utangulizi: Kupima Kitanzi Bila Kukikata

Lori linalosubiri kuvuka kutoka Tunduma kwenda Nakonde, upande wa Zambia, hutumia umeme wa volti 24, na injini ikiwaka hufika karibu 28. Redio ya dereva inataka 12. Katikati hufungwa kigeuzi kidogo kinachopima volti kinazotoa na kujirekebisha kila zinapopanda au kushuka. Kitabu hiki kinahusu kujirekebisha huko, hasa kunapogeuka kuwa kuyumba.

Kujirekebisha huko huitwa mrejesho hasi; Harold Black alibuni kikuza ishara chenye mrejesho wa aina hiyo mwaka 1927. Mwaka 1932 Harry Nyquist akaeleza ni lini mrejesho huo huzaa mtetemo. Ishara ikizunguka kitanzi cha mrejesho ikarudi na ukubwa uleule, huku imechelewa nyuzi 180 zaidi ya mgeuko wa mrejesho hasi wenyewe, saketi hutetema yenyewe. Ndiyo maana wahandisi hupenda kubakiza akiba ya fazi, yaani umbali uliobaki kabla ya kufikia nyuzi hizo 180, ya nyuzi 45 hadi 60.

Kuipima akiba hiyo kwenye kompyuta ndiko kwenye mtego. Mwanafunzi hukimbilia kukata kitanzi, na papo hapo transista hupoteza volti zake za kawaida. Dawa ya zamani ni kuweka indakta kubwa mno mahali pa mkato na kuingiza ishara kupitia kapasita kubwa mno. Inafaa pale tu ukinzani wa upande unaotoa ni mdogo sana kuliko wa upande unaopokea. Kwingine hutoa mchoro mzuri wa uongo. Mwaka 1975 R. D. Middlebrook wa Caltech alionyesha kwamba kitanzi kinaweza kubaki kimefungwa: ingiza volteji, kisha mkondo, halafu unganisha majibu. Mimi huanzia hapo, hata kwa saketi nyepesi.

Kigeuzi cha lori kina ukaidi wake. Transista yake huwaka na kuzimika maelfu ya mara kwa sekunde, kwa hiyo SPICE, programu ya kuigiza saketi, haipati hali tulivu ya kuanzia uchanganuzi wa frikwensi. Ama utumie modeli ya wastani wa kuwaka na kuzimika huko, waliyoieleza Middlebrook na Slobodan Ćuk mwaka 1976, ama uiache saketi iende hatua kwa hatua huku ukiingiza wimbi dogo. Ya kwanza ni ya haraka, ila haiaminiki ukikaribia nusu ya frikwensi ya kuwaka na kuzimika. Ya pili hula saa nyingi, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Tutaanza na wastani. Kisha tutaongeza mzigo ghafla na kutazama volti zinavyotulia, kwa sababu njia zote za frikwensi huona mabadiliko madogo tu, na dereva hawashi redio kidogo kidogo.