Pikapu inagugumia mlimani? Angalia taimingi kabla ya kulaumu kabureta

Msimu wa nyanya hapa Ilula nakutana na pikapu nyingi za zamani, hasa Hilux za kabureta, zimebeba matenga. Barabara tambarare zinakwenda vizuri. Zikifika Ipogolo kupanda kuingia Iringa mjini, zinalia. Mwenye gari anasema kabureta imekufa. Mara nyingi tatizo ni taimingi.

Mafuta hayaungui papo hapo. Ndiyo maana plagi inatoa cheche kabla pistoni haijafika juu kabisa. Cheche ikichelewa, injini inakosa nguvu, inachemka na kunywa mafuta. Ikiwahi mno, inagonga ukikanyaga na mzigo, sauti kama changarawe ndani ya debe. Hiyo usiivumilie: inaweza kutoboa pistoni au kuunguza gasketi ya silinda hedi, na nyanya zikaozea barabarani.

Kama distributa yako ni ya pointi, jua kwamba taimingi huhama yenyewe. Kisigino cha pointi kinalika, uwazi unapungua, cheche inachelewa kidogo kidogo. Kwa hiyo pima uwazi wa pointi KWANZA, taimingi baadaye. Ukigeuza mpangilio huo, umefanya kazi bure.

Utaratibu wenyewe:

1. Washa injini mpaka ipate joto, na sailensi iwe kama kitabu cha gari kinavyosema.
2. Chomoa mpira wa vakyumu kwenye distributa, uzibe.
3. Funga taa ya taimingi kwenye waya wa plagi namba 1. Mulika alama ya puli ya krenki. Angalia nguo na mikono, feni inazunguka!
4. Legeza boliti ya distributa kidogo tu. Kuizungusha kinyume cha mzunguko wa rota kunawahisha cheche. Kuifuata rota kunachelewesha. Nyuzi 1 ya distributa ni nyuzi 2 za krenki, kwa hiyo gusa taratibu.
5. Kaza, mulika tena, kisha rudisha mpira.

Sasa ongeza moto huku unamulika. Alama inatakiwa isogee upande wa kuwahi. Ikibaki palepale, vyuma vya uzito ndani ya distributa vimeganda. Visafishwe na kupakwa oili.

Kuna mafundi wanaoseti kwa sikio: wanazungusha mpaka injini ilie vizuri, wanasema "sasa ina nguvu". Gari tupu gereji haiwezi kukuambia lolote kuhusu matenga 20 mlimani. Mwambie fundi atumie taa na namba ya kitabu, halafu mkajaribu na mzigo. Ikigonga, rudisha nyuma kidogo.

Pointi zipimwe kila mnapobadilisha oili, na kabla ya kuvuna, siyo katikati ya mavuno.