Jambo Bwana: wimbo una mwenyewe

Sisi wa Bangale tuko kwenye barabara ya Garissa na Mwingi. Ufuo hatuna, hoteli ya watalii hatuna. Tuna mifugo, vumbi na mabasi yanayopita. Lakini kaunti yetu ya Tana River imo katika zile sita za Pwani, na ukimwambia mtu wa bara kwamba unatoka Pwani, si ajabu akakuimbia "Jambo Bwana". Basi na tuuangalie huo wimbo wenyewe.

Mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, kundi alilolianzisha na ndugu zake mjini Mombasa mwaka 1972. Ni watoto wa Kaloleni, huko Kilifi. Riziki yao ilikuwa kupiga muziki kwenye hoteli za ufuoni, usiku baada ya usiku, mbele ya Wazungu wasiojua Kiswahili ila maneno mawili matatu ya salamu. Kalanda akayachukua maneno yayo hayo akayatilia muziki. Santuri ilitoka mwaka 1982 na ikauzwa kwelikweli. Mwaka uliofuata Boney M, kundi la Ujerumani lililokuwa na jina kubwa duniani, likatoa toleo lake.

Wengine huudharau wimbo huu kwa wepesi wake. Mimi naona wepesi ndio ufundi. Mstari ni mfupi, unamalizika kabla mgeni hajapotea. Mmoja anaanza, wengine wanaitikia, kama ngoma zetu nyingi. Gitaa halina makeke, mdundo ni wa kuchezeka hata kwa mtu asiyejua kucheza. Mara ya pili ukipigwa, meza nzima inaimba. Jaribu kutunga kitu kama hicho uone!

Ila tusidanganyane, hiyo ni salamu ya mgeni. Mswahili hakusalimu kwa "jambo" kavu. Atasema hujambo, atauliza habari za nyumbani. Na huku kwetu utaulizwa mvua, malisho na mifugo kabla hujaketi. Anayetujua kwa wimbo huo tu hajatujua.

Jambo linaloniuma ni jingine. Wimbo umeimbwa na kurekodiwa na wengi mno, mpaka watu wanauchukulia kama wa kale usio na mwenyewe. Hata yale maneno "hakuna matata", yaliyomo ndani yake, kampuni ya Disney iliyoyatumia katika filamu ya The Lion King ya 1994 iliyasajili Marekani kama alama yake ya biashara mwaka 2003. Watu walikuja kulalamika kwa wingi mwaka 2018, miaka 15 baadaye. Kusajili huko hakumzuii mtu kuyasema wala kuyaimba, ni kweli. Lakini jina la Disney linajulikana hadi Bangale, na la Kalanda wa Kaloleni, aliyetangulia kwa miaka 12, wangapi wanalijua?