Mboji ya taka za mjini: nyeusi haimaanishi imeiva

Pita sokoni Kijenge jioni uangalie kinachobaki chini: maganda ya ndizi, majani ya kabichi, magunzi, nyanya zilizopasuka. Vikienda dampo la Muriet na kufukiwa bila hewa, vijidudu vinavigeuza kuwa gesi ya methani. Vikirundikwa penye hewa na unyevu, tunapata mboji. Swali ni je, ndani ya hiyo mboji kuna nini hasa?

Lundo haliozi lote kwa pamoja. Sukari na wanga huliwa ndani ya siku chache, na hapo asidi nyepesi huongezeka, pH inashuka. Kisha protini zinavunjwa, amonia inatoka, pH inapanda tena. Ile harufu kali kama ya mkojo unapofunua lundo? Ni nitrojeni yako inapaa hewani. Katika joto la nyuzi 55 hadi 65, selulosi na hemiselulosi nazo zinaliwa, taratibu. Lignini, ile inayofanya gunzi liwe gumu, inabaki karibu mpaka mwisho. Kwa hiyo lundo likipungua, sehemu yake ya lignini inaongezeka hata kama hakuna aliyeongeza.

Sasa kaboni na nitrojeni. Lundo zuri huanza na sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya nitrojeni. Mabaki ya mboga peke yake yana kaboni kidogo mno. Maranda ya mbao yana nyingi kupita kiasi, ndiyo maana tunachanganya. Mboji iliyoiva hushuka hadi kati ya 10 na 15. Ukiuziwa iliyojaa maranda na haijaiva, bakteria wataendelea kula shambani kwako, na nitrojeni inayowapungukia wataichukua kwenye udongo. Mahindi yanakuwa njano, mkulima anasema mboji ni utapeli. Kwa kweli ana haki ya kukasirika.

Vitabu vingi vinasema mwisho wa yote ni asidi za humiki, molekuli kubwa kubwa nyeusi. Maabara huzitoa kwa sodiamu haidroksaidi, halafu zinagandishwa kwa asidi kali. Mwaka 2015, Johannes Lehmann na Markus Kleber waliandika katika jarida la Nature kwamba picha hiyo inatokana zaidi na njia ya kuzitoa. Udongoni kuna vipande vya kila ukubwa vinavyoendelea kuvunjika. Mimi niko upande wao. Kinachovifanya vidumu ni kushikwa na madini, na hapa tuna bahati: udongo wa majivu ya volkano wa Mlima Meru una madini yenye aluminiamu na chuma yanayoshika kaboni vizuri kuliko mchanga.

Ila risasi na kadimiamu kutoka kwenye betri na rangi haziozi. Lundo likipungua nusu ya uzito wake mkavu, kiwango cha metali kwa kila kilo kinakuwa mara mbili. Ukichekecha mwishoni unatoa plastiki tu, metali imeshaingia kwenye mboji. Kutenganisha kunafanyika pale pale kwenye meza ya sokoni, kabla ya kurundika.

Huna maabara? Otesha mchicha kwenye mchanganyiko wa mboji na udongo, na mwingine kwenye udongo mtupu. Ukichelewa au kuungua mizizi upande wa mboji, lirudishe lundo, ligeuze, lisubiri wiki kadhaa.