Kalenda Tatu za Mtoto wa Pwani

Kila Ramadhani inapokaribia kuisha, watoto hutuuliza swali lile lile: mbona Krismasi ina tarehe yake na Idi haina? Wengi wetu hujibu "mwezi haujaandama bado", tukaendelea na shughuli zetu. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimtoshi mtoto. Wiki hii nawaandikia wanafunzi, na wazazi pia wasome, ili siku swali hilo likija tena lipate jibu kamili.

Kalenda ni hesabu ya siku, na tangu zamani binadamu amehesabu kwa kutazama juu. Huko juu kuna saa mbili. Ya kwanza ni mwezi. Kutoka kuandama kwake hadi kuandama tena ni kama siku 29 na nusu. Ya pili ni jua, ambalo hukamilisha majira yote kwa siku 365 na karibu robo. Sasa chukua kalamu. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354. Ukitoa hizo katika 365, zinabaki 11. Fumbo lote la kalenda limo ndani ya siku hizo 11.

Wamisri wa kale walifuata jua. Walikuwa na miezi 12 ya siku 30 kila mmoja, wakaongeza siku 5 mwishoni. Warumi nao mwaka wao wa kale ulianza Machi. Ndiyo maana jina Septemba linatokana na neno la Kilatini la saba, na Desemba la kumi, ingawa leo ni mwezi wa tisa na wa kumi na mbili. Hesabu yao ilipovurugika, Julius Caesar alimtaka ushauri Sosigenes, mtaalamu wa falaki kutoka Alexandria. Kuanzia mwaka 45 kabla ya Kristo, mwaka ukawa wa siku 365, na kila mwaka wa nne ukaongezwa siku moja. Julai ina jina la Caesar huyo, na Agosti la Augustus aliyetawala baada yake.

Hata hivyo, hesabu ya Caesar ilizidi kwa dakika kama 11 kila mwaka. Dakika si nyingi, lakini kwa karne nyingi zikawa siku kumi. Mwaka 1582 Papa Gregory wa 13 akaamuru zirukwe: watu wakalala Alhamisi tarehe 4 Oktoba, wakaamka Ijumaa tarehe 15. Waingereza walikataa mpaka 1752, na wakati huo ikabidi waruke siku 11. Hiyo ndiyo kalenda iliyoko ukutani darasani mwako.

Ya pili ni ya Hijria. Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab, barua za serikali zilileta utata kwa kukosa mwaka. Umar akashauriana na masahaba, wakakubaliana hesabu ianze na mwaka Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina, yaani 622. Miezi ni 12, nayo hufuata mwandamo peke yake. Qur'ani, katika Surat Tawba, imekataza mtindo wa zamani wa kuahirisha miezi. Kwa hivyo zile siku 11 haziongezwi popote. Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, ikatukuta mara kwenye joto la kaskazi, mara kwenye mvua na upepo wa kusi, na kumaliza mzunguko kwa miaka kama 33. Mwaka 2030 inatarajiwa kuingia mara mbili, Januari na tena Desemba.

Ya tatu ni yetu wenyewe, na ndiyo inayopotea. Mswahili aliipokea miezi ya Hijria akaipa majina yake, akianza kuhesabu baada ya kufungua: Mfungo Mosi ni Shawwal, Mfungo Tatu ndio wa Hija, Mfungo Sita ndio wa Maulidi, hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Wiki nayo tunaihesabu kuanzia baada ya Ijumaa: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Tena tuna siku mbili za tano! Jumatano ni ya tano kwa hesabu yetu, na Alhamisi ni ya tano kwa Kiarabu, kwa kuwa Waarabu huanza na Jumapili.

Wakulima na wavuvi walihitaji jua pia, maana mvua na pepo hazifuati mwandamo. Walikuwa na mwaka wa Nairuzi, jina lenye asili ya Kiajemi, wakaugawa kwa miongo ya siku kumi kumi: miongo 36 na siku 5 za ziada. Makunduchi, Unguja, bado husherehekea Mwaka Kogwa kila Julai. Mwezi nao waliutumia kujua bahari: ukiandama au ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua, katikati yake ni maji mafu.

Kwa nini haya yatushughulishe? Kwanza, wazee wenye elimu ya miongo wanaondoka mmoja mmoja, na mengi hayakuandikwa. Pili, kila mwaka tunagawanyika kuhusu mwandamo, wengine wakifuata ulioonekana hapa, wengine ulioonekana mbali. Mtoto aliyefahamu kwamba mwezi una siku 29 au 30, na kwamba tofauti ni ya njia ya kuuthibitisha, hatamcheka jirani anayeswali Idi siku nyingine.

Kwa hivyo wanangu, nawapa kazi tatu. Tazameni mwezi kila jioni kwa mwezi mmoja na mchore umbo lake. Andikeni tarehe ya Hijria kando ya ile ya shule. Kisha mwendeeni babu au nyanya, mumuulize huu ni mfungo wa ngapi, na muandike atakayowaambia.

Wabillahi tawfiq.