Fahamu: VAR na raha ya goli

VAR ni waamuzi wanaomsaidia refa kwa picha za video. Iliingia rasmi katika sheria za kandanda mwaka 2018, kwa ajili ya magoli, penalti, kadi nyekundu za moja kwa moja na mchezaji aliyeadhibiwa kwa kosa la mwenzake.

Kwa nini inauma?

Januari 28, 2024, kwenye AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika), DR Kongo iliongoza dhidi ya Misri 1-0 kwa goli la Meschack Elia. Video ikaonyesha Dylan Batubinsika wa Kongo akimpiga Mmisri kiwiko. Misri ikapata penalti, ikasawazisha. Léopards, yaani timu ya Kongo, walishinda kwa matuta 8-7, kipa Lionel Mpasi akifunga la mwisho.

Masisi na Walikale

Mechi za vijijini huko Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, hazina VAR. Lakini anayeifuata timu ya taifa kwa redio hungoja bila kuona kinachokaguliwa. Penalti ile ilikuwa halali. Kinachoharibu raha ni kungoja bila maelezo.