Jinsi Datsun Ilivyoitia Safari Mkononi

Ukimwuliza kijana wa leo pale Mombasa ni gari gani la Kijapani linalojua mashindano, atakujibu Toyota, wala hana kosa. Tangu Safari iliporudishwa katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, kwani ilikuwa imetolewa baada ya 2002, Toyota imeshinda kila mwaka hadi 2025. Lakini wazee wake watakwambia jina jingine. Kabla ya Toyota kulikuwa na Datsun, na kabla ya Datsun kushinda kulikuwa na miaka saba ya kushindwa. Miaka hiyo saba ndiyo niipendayo zaidi katika hadithi nzima, kwa sababu watu husimulia vikombe wakasahau matope.

Tuanze na mashindano yenyewe. Safari ilianzishwa mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikimbiwa wakati wa Pasaka, na msomaji wa pwani ajua Pasaka mara nyingi huangukia wapi: mwanzoni mwa masika. Njia ilikuwa ya kilomita elfu tano hivi, usiku na mchana, kwa siku chache tu. Wala haikuwa njia iliyofungwa kwa ajili ya mashindano. Dereva alikutana na lori la mizigo, kundi la ng'ombe, mwanafunzi juu ya baiskeli, na pengine twiga. Hesabu yake nayo ilikuwa ya kinyume: hakuna aliyepata pointi kwa kwenda mbio, bali kila dakika aliyochelewa kituoni iliandikwa dhidi yake. Mshindi alikuwa ni yule aliyepoteza kidogo kuliko wenziwe.

Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu. Mwaka 1968 yakamaliza 7 vile vile. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff, na mengine yote yalilala njiani, hili limevunjika springi, lile limezama katika udongo mweusi, ule ambao ukinyeshewa humshika mtu mguu sembuse gari.

Katika Safari hiyo ya 1963 ndipo Wajapani wa kampuni ya Nissan walipoleta Datsun Bluebird zao kwa mara ya kwanza. Hawakuwa wageni wa shida. Mwaka 1958 walikuwa wamepeleka vigari viwili vyenye injini ya lita moja kuizunguka Australia, mwendo wa zaidi ya kilomita 16,000, na kimoja kikashinda katika daraja lake. Mmoja wa madereva wa safari ile, Yasuharu Namba, ndiye aliyekuja baadaye kuiongoza timu yao huku kwetu. Pamoja na ujuzi huo, Safari iliwakataa. Bluebird za 1963 hazikufika mwisho.

Hapa ndipo wengine wangefunga virago. Kampuni za Ulaya zilikuwa na desturi ya kuja, kuharibikiwa, kulaumu barabara na kwenda zao, na zikirudi, zilirudi na gari lenye mbio zaidi. Wajapani walirudi na gari lililo gumu zaidi. Chuma kilichopasuka Afrika kiliwafundisha mahali pa kuongeza chuma. Bodi ilichomelewa upya kwenye maungio, tumbo la gari likawekewa bamba la kuikinga injini na mawe, springi zikaongezwa nguvu, mbele kukafungwa vyuma vya kuzuia mnyama na taa kubwa za kuupasua usiku. Mwaka 1966 Bluebird ilishinda daraja lake. Ushindi mdogo, lakini fundi wa mashua hutazama kwanza kama chombo chake kinavuja. Habari ya kwenda joshi huja baadaye.

Jambo la pili walilolifanya lilikuwa kubwa kuliko chuma, na wanaoandika historia ya kampuni hiyo hulipitia haraka mno. Waliwapa usukani wakaazi wa hapa. Edgar Herrmann na mwenziwe Hans Schüller walikuwa Wajerumani walioishi Kenya. Joginder Singh, yule Singasinga aliyesifiwa kwa kupaa, alikuwa mzaliwa wa Kericho, na alikuwa amekwisha kuishinda Safari ya 1965 kwa Volvo kuukuu akiwa na nduguye Jaswant. Shekhar Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda. Watu hawa hawakuhitaji ramani kuwaambia kwamba kijito kilichokauka asubuhi huweza kuwa mto ifikapo alasiri. Waliuona weusi wa mawingu wakajua barabara ya mbele itakuwaje. Ujuzi huo haununuliwi Tokyo wala Stuttgart.

Cha kuchekesha ni kwamba Japani ilijisimulia ushindi kabla haijaupata. Mwaka 1969 ilitoka filamu ya Kijapani kuhusu Safari, akiigiza Yujiro Ishihara, mmoja wa waigizaji mashuhuri kabisa wa nchi ile. Jina lake kwa lugha yetu ni kama kusema "Kilomita 5,000 za Kuuendea Utukufu". Mwaka uliofuata utukufu ukaja kweli. Safari ya 1970 ilichukuliwa na Herrmann na Schüller kwa Datsun 1600 SSS, wa pili akawa Joginder Singh kwa gari la namna ile ile, na zawadi ya timu ikaenda kwao pia.

Mwaka 1971 wakaleta kitu kingine kabisa. Datsun 240Z ilikuwa gari la mbio hasa: viti viwili, pua ndefu, injini ya silinda sita ya lita 2.4. Wako waliosema kwamba gari la umbo lile ni la barabara za lami, na kusema kweli ukilitazama ungedhani hivyo. Herrmann akashinda tena, Mehta akawa wa pili kwa 240Z nyingine. Porsche zilikuwako mwaka huo, nazo zilikuwa na mbio. Hadi leo Porsche haijapata kuishinda Safari ya ubingwa huu.

Ya 1973 ndiyo ya kusimuliwa barazani. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na jamaa ya Mehta ilikuwa miongoni mwa waliopoteza makao. Mehta akahamia Kenya. Miezi michache baadaye yuko katika 240Z pamoja na Lofty Drews, na mwisho wa njia wakajikuta wana pointi sawasawa na Harry Källström wa Uswidi, naye pia katika Datsun. Kilomita elfu tano, na hakuna hata dakika moja ya kuwatenga! Ikabidi itumike kanuni ya kutazama nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kuandikiwa adhabu. Alikuwa Mehta. Mtu aliyetolewa nchi moja akaipa nchi jirani ushindi wake mtamu kuliko wote.

Kisha Datsun ikanyamaza kidogo. Joginder akashinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, Peugeot ikapata zake, Ford ikapata yake. Kikaja kipindi cha 1979 hadi 1982, ambacho watu wa rika langu twakikumbuka kwa masikio kuliko macho, redio ya Sauti ya Kenya ikiwa dirishani na watu wazima wakitunyamazisha ili wasikie vituo vikisomwa. Miaka minne mfululizo, mshindi alikuwa Mehta na Mike Doughty. Miaka minne, na gari lao halikuwa tena lile zuri la viti viwili. Lilikuwa Violet, Datsun 160J kwa jina jingine, motokaa ya milango na viti vya kawaida ambayo ungeiona imebeba abiria wa teksi.

Mimi ushindi huu nauweka juu ya ule wa 240Z. Mwaka 1979 Mercedes ilileta 450 SLC, gari kubwa lenye injini ya lita tano, na Hannu Mikkola, bingwa wa Finland, ndani yake. Alimaliza wa pili. Mwaka 1980 na 1981 wa pili alikuwa Rauno Aaltonen, Mfini mwingine, ambaye alijaribu miaka na miaka asiipate Safari hata mara moja, ingawa naye alikuwa katika Datsun. Mwaka 1982 wa pili akawa Walter Röhrl wa Ujerumani kwa Opel. Hawa walikuwa wepesi kuliko Mehta mahali pengi, na yeye aliwaacha waende. Aliendesha kama nahodha mwenye mzigo wa watu, akijua mwamba uko wapi na kwamba usiku bado mrefu.

Baada ya hapo zama zikageuka. Zilikuja injini zenye tabo na magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, na Nissan 240RS iliyofuata haikushinda Safari hata moja. Toyota ikaingia 1984 na ikashika tangu hapo njia iliyokwisha kufunguliwa. Joginder Singh alifariki London mwaka 2013. Mehta alimtangulia, mwaka 2006, huko huko London.

Kuna wengine katika ushindi ule ambao hakuna daftari lililowaandika. Ni wale watu wa vijijini waliotoka na kamba na mabega usiku wa mvua, wakazisukuma Datsun kutoka katika matope, wakarushiwa tope usoni, wakarudi kulala. Twajua springi za gari zilikuwa za namna gani. Majina yao hatuyajui.

Jina la Datsun lenyewe Nissan ililiondoa polepole katika miaka ya 1980, na lilipofufuliwa baadaye halikudumu. Lakini Nissan ilipata kile ambacho hakuna tangazo lingeweza kukinunua. Mkenya akisimama kando ya barabara kungoja matatu ya abiria 14 husema anangoja nissan. Aghalabu inayosimama ni Toyota, naye hupanda.